Historia niliyoikatiza njiani: yaliyonipata kwenye kesi ya mahame, Newala

Mwaka 2017 nilikaa mbele ya kipaza sauti cha redio moja ya jamii hapa Mtwara nikasema maneno haya, nayakumbuka kama yalivyotoka: "Mliohamishwa kwenye mashamba yenu wakati wa Operesheni Vijiji, haki yenu haikufa. Mahakama ya Rufani ilishasema." Operesheni Vijiji ndiyo ile ya miaka ya sabini, serikali ilipowahamisha watu kwa lazima kwenda kuishi vijijini. Nilikuwa na uhakika. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa na miaka mitatu kwenye kazi ya usaidizi wa kisheria, na nilikuwa na uchungu wa nyumbani, maana mama yangu mzazi alihamishwa akiwa mwali aliyetoka unyago majuzi tu. Maneno yale yaliigharimu familia moja ya Newala karibu miaka minne, pamoja na fedha ambazo nikizihesabu mpaka leo usingizi unakata.

Naandika kwa ajili ya wasaidizi wa kisheria wenzangu, watangazaji, walimu wa uraia, na yeyote anayependa kueleza sheria kwa kupitia historia. Njia hiyo ni nzuri na bado naipenda. Lakini ina mashimo, na mimi nilitumbukia nikiwa nimeshika mkono wa bibi wa watu.

Nieleze kwanza nilikoyatoa yale maneno. Wachambuzi wa sheria ya ardhi wa nchi hii mara nyingi hawaanzi na kifungu, wanaanza na Mjerumani. Wanakupeleka mwaka 1895, amri ya Kaizari ilipotangaza kuwa ardhi ya koloni lake ni ya dola, isipokuwa pale mtu, mtawala wa kienyeji au jamii itakapothibitisha kuwa ni yake. Wanakuja kwa Mwingereza na Sheria ya Ardhi ya 1923, iliyoiita ardhi ya Tanganyika kuwa ya umma na kuiweka chini ya Gavana, kisha marekebisho ya 1928 yaliyoingiza haki ya wenyeji wanaokalia ardhi kwa mila zao. Halafu Uhuru: Gavana anaondoka, Rais anakaa kwenye kiti kilekile. Profesa Issa Shivji, aliyeongoza Tume ya Rais iliyochunguza masuala ya ardhi mwaka 1991 hadi 1992, hoja yake kubwa imesimama hapo, kwamba mamlaka ya mwisho juu ya shamba la mwanakijiji yalibaki serikalini baada ya Uhuru kama yalivyokuwa enzi za mkoloni. Nilipoyaelewa hayo kwa mara ya kwanza, vifungu nilivyokuwa nikivikariri kama mtoto wa madrasa asiyejua Kiarabu vilianza kunisemesha.

Halafu kuna kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na Joseph Lohay, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1994. Hao ni baba na mwanawe, wa kijiji cha Kambi ya Simba, Mbulu, mkoa wa Arusha wa enzi hizo. Walipoteza ardhi kwenye Operesheni, wakashtaki, mahakama ikawarudishia. Mwaka 1992 Bunge likatunga sheria ya kufuta haki za kimila kwenye vijiji vya aina hiyo na kuzizima kesi zake. Jaji Mkuu Francis Nyalali alipoandika hukumu alirudi nyuma mpaka kwenye makubaliano ya udhamini, Uingereza ilipoishika Tanganyika chini ya Umoja wa Mataifa, ambako ilitakiwa kuzingatia mila za wenyeji inapotunga sheria za ardhi. Hoja ya serikali kwamba anayekalia ardhi kwa mila ni kama amejishikiza tu, aliikataa. Haki ile ni mali, akasema, na mali inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba.

Hukumu ile ilinitoa machozi. Na hapo ndipo nilipofunga kitabu. Nilikifunga mwaka 1994, nikaenda redioni.

Wiki mbili baada ya kipindi akaja ofisini bibi mmoja na mpwa wake wa kiume, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu. Walikuwa wamepanda gari la alfajiri kutoka Newala na vumbi lilikuwa bado kwenye nyusi. Bibi alifungua fundo la kanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi, risiti ya kuuza korosho yenye jina la mjomba wake. Wino ulikuwa umebaki rangi ya chai.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyesema redioni kwamba haki yetu haikufa?"

"Shikamoo bibi. Ndiyo, ni mimi."

"Marahaba. Basi nimekuja na yangu."

Yake yalikuwa mashamba mawili, na laiti ningeyasikia kama mawili. Moja lilikuwa shamba kubwa la mikorosho 110 iliyopandwa na mjomba wake miaka ya hamsini. Mwaka 1974 ukoo wao uliambiwa uhamie kijiji cha barabarani. Shamba likaangukia eneo la kijiji kingine kilichoanzishwa wakati huohuo, na viongozi wa kijiji hicho wakaligawa kwa familia zilizoletwa kutoka bondeni. La pili lilikuwa mahame yenyewe, kule walikokuwa na nyumba zao, na makaburi yako hukohuko. Hilo halikugawiwa kwa mtu. Miaka ya themanini mjomba alimkaribisha mgeni alime humo. Mjomba akafa, mgeni akafa, na mwaka 2015 watoto wa mgeni wakaanza kupanda mikorosho yao.

Mimi nikachanganya vyote kwenye chungu kimoja. Niliwasaidia kuandika dai moja lililoanza na Mjerumani, likapita kwa Mwingereza, likamtaja Akonaay, na mwishoni kabisa, mistari minne tu, likasema shamba liko wapi na limepakana na nani. Nilijisifu kwa dai lile. Leo nikilitazama naona nilikuwa naandika makala yangu juu ya mgongo wa bibi.

Mwaka 2018 tulikwenda Baraza la Kata, ambalo wakati ule bado lilikuwa na uwezo wa kuamua, na tukashinda. Wajumbe wengi walikuwa watu wa umri wa kuikumbuka Operesheni. Mmoja wao, mama mtu mzima, alilia palepale aliposikia habari ya nyumba kuezuliwa ili watu wasirudi. Tulirudi na vigelegele. Bibi alichinja kuku, na siku ile nilikula kwa raha ambayo sikustahili.

Wenzetu, yaani wale tulioshindana nao, wakakata rufaa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hapo hakuna aliyelia. Mwenyekiti aliuliza mambo mawili. Kwanza, shamba lenye mikorosho mia na kumi lina thamani gani? Uwezo wa Baraza la Kata ulikuwa mwisho shilingi milioni tatu, na sisi wenyewe tulikuwa tumeandika idadi ya miti. Pili, akamgeukia bibi kwa upole kabisa: "Mama, unadai kama nani?" Bibi akajibu, "Kama mpwa wa marehemu." Mwenyekiti akauliza barua ya usimamizi wa mirathi iko wapi. Hatukuwa nayo. Mwenendo wote ukafutwa kama vile haukuwahi kuwepo.

Nimesimama hapa kwa makusudi, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotezwa na sisi tunaopenda historia. Unaweza kuwa na karne nzima upande wako ukaanguka kwenye kizingiti. Shamba ni la marehemu? Nenda kwanza Mahakama ya Mwanzo na kikao cha ukoo, ateuliwe msimamizi. Uliza thamani kabla ya kuchagua baraza. Tangu marekebisho ya 2021 Baraza la Kata haliamui tena mgogoro wa ardhi, linasuluhisha tu. Likishindwa ndipo unakwenda Baraza la Wilaya, ukiwa na cheti chake cha kuonyesha usuluhishi umeshindikana, na siku 30 zikipita bila suluhu unaweza kwenda hata bila cheti hicho. Hayo ni ya kuambiwa mwananchi siku ya kwanza, kabla ya Mjerumani.

Fedha nazo niziseme. Kabla hatujaanza upya, familia ilikuwa imetumia laki tisa na sabini elfu: nauli za mashahidi, chakula chao, kuchapisha, ada za rufaa. Ulikuwa msimu wa 2018/19, ule ambao serikali ilitangaza mwezi Novemba kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Bei ilikuwa nzuri, ila wakulima wengi walingoja malipo miezi na miezi. Mpwa wa bibi aliuza mbuzi wawili na baiskeli. Mimi kama msaidizi wa kisheria siruhusiwi kuwatoza, wala kuwasimamia mbele ya baraza, na sikuwatoza. Lakini ushauri wa bure uliokosewa una bei, na anayeilipa siye aliyeutoa.

Aliyenifungua macho ni wakili mmoja aliyekuwa akitoa msaada wa kisheria siku za wiki ya sheria. Nilimpelekea jalada nikitegemea pole. Alisoma dai langu lote bila kunikatiza, akavua miwani, akauliza: "Historia yako imeishia mwaka gani?" Sikuelewa. Akafungua Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura 114, kifungu cha 15, akaweka kidole.

Kifungu kile kinasema, kwa maneno yangu, kwamba ardhi yoyote aliyogawiwa mtu anayeishi kijijini au aliyetakiwa kuhamia kijijini, kati ya tarehe 1 Januari 1970 na tarehe 31 Desemba 1977, ugawaji huo ni halali, uwe ulifuata sheria au ulikwenda kinyume cha sheria, na haki ya mwenye ardhi wa zamani imezimika.

Nilikisoma mara tatu. Sheria hiyo ilitungwa mwaka 1999 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, miaka mingi kabla sijafungua mdomo redioni. Akonaay alishinda kweli mwaka 1994. Lakini Bunge halikulala. Likakaa, likatafakari vijiji vilivyokuwa na zaidi ya miaka ishirini, watu waliozaliwa, wakaoa na kuzikwa humo, likaamua kwamba kupangua yote kungewasha moto upya. Unaweza kukubaliana nalo au usikubaliane, mimi moyo wangu bado haujatulia. Lakini hiyo nayo ni historia, na mimi niliikata katikati kwa sababu nusu ya kwanza ilikuwa inanipendeza.

Wakili akanionyesha jambo jingine ambalo sijawahi kulisahau. "Yatazame haya maneno, 'kinyume cha sheria'. Unadhani kwa nini Bunge liliyaweka?" Hapo ndipo historia ilipofanya kazi yake. Amri ya kwamba kuishi vijijini ni lazima ilitoka Novemba 1973, na lengo lilikuwa hadi mwisho wa 1976 watu wote wawe wamehamia. Sheria ya Vijiji ilikuja 1975, maelfu kwa maelfu wakiwa wamekwisha kuhamishwa. Watu wengi waligawiwa mashamba ya wenzao kabla hakujawa na sheria ya kueleza wazi nani ana mamlaka ya kumgawia nani. Maneno yale matatu ni kukiri. Ukijua tarehe unakiona kilichokiriwa. Usipojua, unadhani ni maneno ya kujazia ukurasa. Kwangu mimi huo ndio uchambuzi wa sheria kwa historia: unakwenda nyuma ili urudi na maana ya neno lililo mbele yako. Mimi nilikwenda nyuma nikabaki hukohuko.

Basi tukaanza upya. Kikao cha ukoo kilikaa, Mahakama ya Mwanzo ikamteua mpwa wa bibi kuwa msimamizi, na kwa ushauri wa wakili tukayatenganisha mashamba mawili. Bibi nilimweleza ukweli kuhusu shamba kubwa, nyumbani kwake, tumekaa kwenye mkeka. Nilimwomba radhi. Alinyamaza muda mrefu akitoa maganda ya mbaazi, kisha akasema, "Kwa hiyo mwanangu, wao walipewa kwa makosa, na makosa yakawa sheria." Sikuwa na jibu. Nikamwambia ndiyo, bibi, imeandikwa hivyo.

Lakini alitaka baraza limsikie hata hivyo, na kulikuwa na tundu moja la kulijaribu. Huku kusini, hasa vijiji vya karibu na Mto Ruvuma, watu walianza kukusanywa kabla ya amri ya 1973, kwa sababu ya vita vya ukombozi vya Msumbiji na mashambulizi ya Wareno kuvuka mpaka. Vijiji vingine vilianza miaka ya sitini mwishoni. Ugawaji wa kabla ya Januari 1970 haumo kwenye kifungu cha 15. Wachambuzi wengi wa kitaifa wanapoandika Operesheni wanaandika 1973 hadi 1976, maana sehemu nyingi za nchi ndivyo ilivyokuwa, na ukiwafuata bila kuuliza wazee wa kwako unaweza kumnyima mtu hoja yake ya pekee. Tuliutafuta mwaka kwa wazee. Wazee hawatoi tarehe, wanatoa matukio, kwa hiyo uliza hivyo: Msumbiji ilikuwa imeshapata uhuru? Mkoa wa Lindi ulikuwa umeshatengwa na Mtwara? Mtoto gani alikuwa mgongoni? Msumbiji ilipata uhuru 1975, Lindi ilitengwa 1971. Kila mzee aliyeulizwa peke yake alituweka katikati ya hiyo miaka miwili. Ilikuwa 1974 kama bibi alivyosema tangu mwanzo. Tundu likaziba.

Mzee mmoja aliniambia jambo ambalo ningetamani kila mchambuzi alisikie. Alisema kilichowauma zaidi ya nyumba ni miti. Nyumba ya udongo unajenga nyingine. Mkorosho unaungoja miaka. Walihama wakaiacha mikorosho kilomita kadhaa nyuma, majani yakaifunika, moto ukapita. Taifa lilikusanya korosho zaidi ya tani 140,000 msimu wa 1973/74, na katikati ya miaka ya themanini zilishuka chini ya tani 20,000. Bei mbovu kwa mkulima ilichangia, na ugonjwa wa ubwiriunga ulichangia, lakini mashamba yaliyoachwa nayo yamo kwenye hesabu hiyo. Ukisoma kifungu cha 15 ukiwa unajua hilo, unaelewa kwamba kilichozimwa hakikuwa ardhi tupu.

Sasa mahame. Hapa ndipo nilipojifunza historia ya aina nyingine.

Watoto wa yule mgeni waliandikiwa utetezi na mtu aliyesoma, nao ulikuwa na historia yake. Ulisema kwamba baba mzazi wa bibi ndiye aliyempa baba yao shamba moja kwa moja, na ukataja kanuni za sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 kuonyesha kuwa ardhi hufuata upande wa baba. Ulionekana mzito. Zile kanuni kweli zipo. Ndizo ambazo wachambuzi wanazijadili kila wakizungumzia haki za wanawake, tangu Jaji Mwalusanya alipoamua mwaka 1990, kwenye kesi ya Ephrahim na Pastory ya Bukoba, kwamba mwanamke naye anaweza kuuza ardhi ya ukoo kama mwanamume. Lakini kanuni za 1963 ziliandikwa kutokana na mila za jamii za ukoo wa baba. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera tunafuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa litawa, yaani ukoo, la mama yake, na anayesimamia ardhi ya ukoo ni mjomba. Baba kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe ni mkwe tu, hana cha kumpa mgeni.

Safari hii sikuandika insha. Mila ambayo haikuandikwa inathibitishwa kwa mashahidi, kama unavyothibitisha kwamba ng'ombe ni wako. Tulitafuta wazee watatu wasio na undugu na bibi, mmoja wao wa ukoo wenye heshima ya ukulungwa, yaani uongozi wa jadi, eneo lile. Niliwaomba waeleze walichokiona, nani alimkaribisha nani, mbele ya nani, kwa masharti gani. Sikumfundisha yeyote la kusema. Nasisitiza hilo, maana nimeona kesi zikifa kwa sababu wazee watatu wametamka sentensi ileile kama wanafunzi wa chekechea.

Mzee wa pili alisema jambo lililogeuza kesi. Kwa mila zetu mgeni uliyemkaribisha analima mihogo, mbaazi, choroko, karanga, chochote cha msimu. Hapandi mti wa kudumu, maana mkorosho una mwenyewe, na aliyepanda anakuwa ameweka mguu. Mwenyekiti akaamua baraza litembelee eneo.

Siku ile tulishuka mteremko pamoja: mwenyekiti, wazee wawili wa baraza, karani, pande zote mbili. Mwembe mkubwa ulikuwa pale ambapo bibi alisema palikuwa na uwanja. Chini yake nusu ya jiwe la kusagia imezama udongoni, na bibi aliligusa kwa mguu bila kuinama, kama mtu anayemwamsha mtoto. Makaburi saba, yamezungushiwa mawe. Halafu mikorosho. Ile mikubwa, vigogo vimepasuka, ilikuwa kumi na sita, yote kwa mstari wa mjomba. Midogo ilikuwa ishirini na mbili, na mwenyekiti aliwauliza wenzetu ilipandwa lini. Wakajibu 2015. Akauliza, baba yenu kwa zaidi ya miaka ishirini alipanda mkorosho hata mmoja? Wakatazamana. Mkubwa wao, mtu mkweli, akasema hapana, baba hakupanda.

Kwa sheria yetu aliyekaribishwa hageuki kuwa mwenye ardhi kwa sababu tu amekaa muda mrefu. Ile miaka 12 ya ukomo wa madai ya ardhi ambayo wenzetu walikuwa wameitegemea, kwa mgeni inaanza kuhesabiwa pale anapoikana ile hali ya ugeni. Kwao ilianza 2015, walipopanda. Mzee mmoja wa baraza aliandika maoni yake kwa mkono, mistari sita, kwamba mila aliyoieleza shahidi ndiyo mila anayoijua yeye tangu utoto.

Nisiifanye mila yetu kuwa jiwe, maana hilo nalo ni kosa ninalolisoma mara nyingi kwenye maandishi ya wachambuzi: "Wamakonde wanarithi kwa mjomba", nukta. Wazee walewale waliniambia kwamba korosho yenyewe imebadilisha mambo. Baba aliyepanda mikorosho kwa jasho lake siku hizi anataka iende kwa wanawe, si kwa wapwa. Wengi wetu ni Waislamu, na mirathi ya dini inampa mtoto fungu. Kijiji kimoja unaweza kukuta mila, dini na sheria ya serikali zimekaa kwenye mkeka mmoja, na kila ukoo umepatana nazo kwa namna yake. Ukimwandikia mtu utetezi, uliza ukoo wake ulifanyaje mara ya mwisho mtu alipokufa, na mara ya kabla ya hapo. Vitabu vinakuja baada ya majibu hayo.

Hukumu ilisomwa 2021, kwa Kiswahili, bibi akaisikia mwenyewe bila kutafsiriwa. Shamba kubwa tulishindwa, kifungu cha 15. Mahame tukashinda. Familia ya mgeni ilipewa muda wa kuvuna ilichopanda msimu ule, na kuhusu ile mikorosho midogo wazee wa pande zote walikaa wakapatana bei, jambo lililozuia chuki kuliko hukumu yenyewe. Hatukukata rufaa kwa shamba kubwa. Tulikuwa na siku 45, na bibi aliulizwa siku ya kwanza na siku ya arobaini. Mara zote mbili alisema amechoka.

Mwezi uliofuata niliomba nafasi redioni, kipindi kilekile, saa ileile. Mtangazaji alitaka tuseme "ufafanuzi". Nikamwomba tuseme kosa, maana watu waliouza mbuzi hawakuuza kwa sababu ya ufafanuzi. Nilieleza Akonaay tena, kwa heshima ileile, kisha nikaendelea mpaka 1999, mpaka 2001, mpaka kifungu cha 15 neno kwa neno, nikawaomba waliokuwa na dai la mashamba ya Operesheni walete kwanza mwaka waliohamishwa. Simu ziliingia kumi na moja. Nne kati ya hizo zilikuwa za vijiji vya kandokando ya Ruvuma, na mmoja wa waliopiga, mzee wa sauti nzito, alisema wao walihamishwa mtoto wake wa kwanza akiwa hajazaliwa, naye amezaliwa 1969. Nimeshakwenda kumwona mara mbili. Cheti cha ubatizo cha huyo mtoto tumekipata. Sasa tunamtafuta shahidi wa pili aliyekuwepo siku mashamba yalipogawiwa.

Bibi yupo. Msimu wa korosho ukifika anapita njia ya shamba kubwa kwenda mahame, kwa sababu njia nyingine ni ndefu na magoti hayampi. Mwaka jana nilipita naye. Wenye shamba walikuwa wanaokota, wakamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, na mama mmoja akamjazia mabibo kwenye beseni. Alipofika mkorosho wa tatu kutoka njiani alisimama akaupapasa gome, akaniambia huu aliupanda yeye, mjomba akishika mbegu.